Kumkosoa Ndugu Bila Kumpoteza



Kwa majuma kadhaa sasa jambo moja limetawala midomo ya vijana wa Kindu. Linazungumzwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, linazungumzwa ukingoni mwa mto wakati watu wanapongoja mtumbwi wa kuwavusha kwenda Alunguli, na jioni linaingia hata katika mazoezi ya kwaya, hadi mwalimu wa nyimbo analazimika kugonga meza. Timu moja ya wanafunzi ya mpira wa kikapu ilishindwa kwa tofauti ya pointi moja. Katika sekunde za mwisho, mpira ukiwa mikononi mwa timu hiyo, kijana mmoja alitoa pasi iliyomfikia mpinzani, na mchezo ukaishia hapo. Mtangazaji wa redio alipomwuliza kocha sababu ya kushindwa, kocha hakusita. Alimtaja kijana kwa jina, akasema kwamba wote walikuwa wamefanya kazi yao isipokuwa yeye, na kwamba mtu asiyetambua fulana ya wenzake hafai kusimama kiwanjani.

Hatutamtaja kocha huyo, wala timu yake, wala kijana. Majina yao yamekwisha kutembea vya kutosha. Tunachotaka kukitazama pamoja nanyi ni swali lenyewe, kwa sababu si swali la michezo tu. Ni swali la mzazi na mtoto, la mwalimu na mwanafunzi, la kiongozi wa jumuiya na wale anaowaongoza, na la kila mmoja wetu anayeshika simu mkononi: ndugu akikosa, ukweli wa kosa lake tuuseme wapi, kwa nani, na kwa nia gani?

Katika kikundi chetu vijana waligawanyika. Wa kwanza walisema kwamba kocha hakudanganya. Pasi ilitolewa mbele ya watu, kila mtu aliiona, basi hakuna siri iliyofichuliwa. Waliongeza kwamba mchezaji anayefurahia kushangiliwa hadharani akubali pia kukosolewa hadharani, na kwamba nchi yetu imeumizwa sana na desturi ya kufunika makosa ya watu. Wa pili walijibu kwamba kocha ni mzazi, na mzazi hatangazi sokoni aibu ya mwanawe. Walikumbusha methali ya wazee: mwana akinyea kiganja hakikatwi. Wa tatu, ambao walikuwa wachache na walizungumza kwa sauti ya chini, waliuliza neno moja tu. Je, kocha alikuwa anamrekebisha kijana, au alikuwa anajiokoa mwenyewe?

Tuanze na hao wa kwanza, maana hoja yao si ya kudharauliwa. Injili haitufundishi kunyamaza mbele ya kosa. Katika sura ya 18 ya Mathayo, Bwana wetu hasemi kwamba ndugu akikosa tumwache. Anaamuru twende kwake. Lakini anaweka utaratibu: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa, chukua mmoja au wawili, akikataa tena, ndipo jambo lifikishwe mbele ya Kanisa. Tazameni vizuri mpango huo. Hadhara haikukatazwa. Imewekwa mwisho, baada ya milango mingine yote kugongwa. Na shabaha imetajwa tangu mwanzo: kumrudisha ndugu. Kocha aliyeanza na redio alianza pale ambapo Injili inamalizia.

Kijana mmoja mwenye akili nyingi alitupinga hapo. Alikumbusha kwamba Mtume Paulo alimkemea Petro mbele ya wote kule Antiokia, kama anavyoeleza mwenyewe katika sura ya 2 ya Barua kwa Wagalatia. Alikumbusha pia kwamba Yezu alimkemea Petro huyohuyo kwa neno kali mno, hata akamwita Shetani, na wanafunzi wengine wakiwapo. Pingamizi hilo ni zuri, na linastahili jibu.

Kuhusu Paulo, tuangalie mambo mawili. Petro alikuwa ameacha kula pamoja na Wakristu waliotoka katika mataifa mengine, na wengine walianza kumfuata, hata Barnaba. Kosa lilikuwa linaendelea, tena lilikuwa linawapotosha watu waliokuwapo. Ilikuwa lazima lisimamishwe palepale. Kisha, Paulo alimwambia Petro usoni pake. Hakusubiri Petro aondoke ili aeleze udhaifu wake kwa wageni. Petro alikuwapo, alisikia, na angeweza kujibu. Kijana wetu wa kikapu alikuwa bado anavua viatu vyake wakati jina lake lilipokuwa likitamkwa redioni. Aliyasikia maneno ya kocha wake kutoka kwa watu wengine, njiani kurudi nyumbani. Pasi ilikuwa imekwisha kutoka mkononi mwake na mchezo ulikuwa umemalizika. Hakuna kilichookolewa kwa kulisema jambo hilo saa ile.

Kuhusu Bwana wetu, tuendelee kusoma mbele kidogo. Baada ya kumkemea Petro karibu na Kaisaria ya Filipo, Injili inasema kwamba siku sita baadaye alimchukua Petro, pamoja na Yakobo na Yohane, akapanda naye mlimani, wakauona utukufu wake. Neno kali lilitoka katika kinywa cha yule ambaye hakuwa na nia ya kumwacha. Na Petro alipoanguka vibaya zaidi, akamkana mara tatu penye moto wa makaa, Bwana mfufuka hakumfanyia mashtaka mbele ya wenzake. Alimwandalia samaki na mkate ufukoni, akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo zake. Kosa halikufutwa kana kwamba halikutokea. Liliponywa, na aliyekosa akapewa kazi.

Hapo tunafika kwenye kiini cha tafakari hii. Kipimo cha onyo hakiko katika ukali wake wala katika upole wake. Kiko katika swali hili: aliyesema, baada ya kusema, yuko upande gani? Je, amebaki na yule aliyekosa, au amejiunga na wanaomcheka?

Kuna historia moja ya mpira wa kikapu ambayo inafanana na kisa chetu kwa namna ya kushangaza, na inafaa vijana wa Kongo waifahamu, kwa kuwa nyumba ilimotokea ndiyo iliyomlea baadaye mwana wa nchi yetu. Tarehe 29 Machi 1982, katika mji wa New Orleans, Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho kilianzishwa mwaka 1789 na ni cha Mapadre Wayezuiti, kilicheza fainali ya vyuo vikuu vya Marekani dhidi ya North Carolina. Zaidi ya watu 60,000 walikuwa ndani ya uwanja. Zikiwa zimebaki sekunde chache, kijana wa North Carolina aliyeitwa Michael Jordan, ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua, alitia kikapu, na timu yake ikaongoza kwa pointi 63 dhidi ya 62. Georgetown walikuwa na nafasi moja ya mwisho. Mpira ulikuwa mikononi mwa Fred Brown. Aliona mtu kando yake, akadhani ni mwenzake, akampa mpira. Alikuwa James Worthy, wa timu ya upande wa pili. Ubingwa ukapotea.

Kocha wa Georgetown aliitwa John Thompson. Msidhani alikuwa mtu laini. Alikuwa na kimo cha kutisha na sauti iliyojaza ukumbi, na ukali wake kwa wachezaji wakati wa mazoezi ulijulikana. Lakini mazoezi hayo aliyafanya milango ikiwa imefungwa, na waandishi wa habari walimlalamikia mara nyingi kwa sababu hiyo. Basi mchezo ulipokwisha, macho ya taifa zima yakiwa juu ya kijana aliyetoa pasi ile, Thompson alifanya nini? Alimkumbatia. Mbele ya umati na mbele ya kamera alimvuta kifuani pake, akamshikilia. Kile ambacho watu walikuwa tayari kukifanya kwa kijana huyo, kocha alisimama katikati akakizuia kwa mwili wake.

Miaka miwili baadaye, mwezi Aprili 1984, mjini Seattle, Georgetown walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Houston pointi 84 kwa 75. Thompson akawa kocha Mweusi wa kwanza kushinda taji hilo. Fred Brown alikuwa bado katika timu. Kocha alimkumbatia tena, naye safari hii akiwa bingwa. Tunaomba mtazame mikumbatio hiyo miwili kwa pamoja. Ule wa pili, wa furaha, ungeweza kutolewa na kocha yeyote. Lakini ungekuwapo wapi, kama ule wa kwanza ungekosekana? Nani angebaki miaka miwili chini ya mtu aliyemtupa kwa umati siku ya aibu yake?

Ni katika mikono ya kocha huyo kwamba Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika mwaka 1987. Alikwenda Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari. Watu wanamkumbuka kwa urefu wake na kwa kidole alichokitikisa baada ya kuzuia mpira. Sisi tunapenda kumkumbuka zaidi kwa hospitali iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2007 na kupewa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Thompson alikuwa ametangulia mwaka 2020. Inajulikana kwamba kocha huyo aliweka ofisini mwake mpira usio na upepo, ili kuwakumbusha wachezaji wake kwamba siku moja mchezo utakwisha na mtu atabaki. Anayemwona mtu nyuma ya mchezaji hawezi kumwuza mtu huyo kwa sababu ya pasi moja.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwalimu husahihisha daftari kwa wino mwekundu, na haandiki kwamba sita mara saba ni arobaini ili kumfurahisha mtoto. Kosa ni kosa. Lakini daftari lile hurudishwa mkononi mwa mwenyewe. Halitundikwi mlangoni mwa shule. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeishi na vijana wa mitaani kule Torino, alikuwa na desturi iliyopata umaarufu kati ya wanawe Wasalesiani: neno la sikioni. Wakati wa michezo alimkaribia kijana, akamnong'oneza neno fupi la kumwonya au la kumtia moyo, kisha akaendelea na njia yake. Wengine hawakujua kilichosemwa. Kijana mwenyewe alijua, na mara nyingi neno lile lilimfuata usiku kucha.

Basi, je, kocha asiseme lolote anapoulizwa? Aseme. Swali la mtangazaji ni la haki, na wapenzi wa timu wana haki ya kupata jibu. Lakini kuna njia nyingi za kusema ukweli. Anaweza kueleza kwamba timu ilipoteza mpira katika nafasi ya mwisho. Anaweza kukumbusha kwamba mchezo una dakika 40, na kwamba vikapu vilivyokoswa katika dakika ya kwanza vina thamani ileile na kile kilichokoswa mwishoni. Anaweza kusema kwamba yeye ndiye aliyepanga mchezo ule wa mwisho, kwa hiyo naye yumo ndani ya kushindwa. Katika maneno ya kocha wetu, jambo lililotuhuzunisha zaidi halikuwa jina la kijana. Ni kwamba katika orodha ya waliokosa, kocha mwenyewe hakuwamo. Wale vijana watatu waliozungumza kwa sauti ya chini walikuwa wameona mbali. Kuna maonyo ambayo nje yana sura ya ukweli, na ndani ni mtu anayenawa mikono. Pilato naye alinawa hadharani.

Lakini tukiishia kwa kocha, tutakuwa tumefanya kazi nusu, tena ile nusu iliyo rahisi. Kocha alisema mara moja. Waliobaki wamesema mara elfu. Mji wetu unapenda michezo. Tangu AS Maniema Union ilipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika katika msimu wa 2024-2025, kila mtaa una makocha wake wasio na timu. Sauti ya kocha ilikatwa, ikatiwa vicheko, ikatumwa kutoka simu hadi simu. Wadogo wa kijana yule walianza kuitwa kwa jina la dhihaka wanapokwenda kuchota maji. Yeye mwenyewe ni mwanakwaya, mwenye sauti ya tatu ambayo wote tunaijua. Kwa Jumapili tatu mfululizo mahali pake palikuwa patupu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba hatuzungumzii tena pointi moja. Mtoto wa Mungu alikuwa anaona aibu kuingia nyumbani mwa Baba yake, kwa sababu ya mpira.

Historia ya nchi yetu ina somo kali juu ya jambo hilo. Mwaka 1974 Leopards wa Zaire walikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Walikuwa mabingwa wa Afrika. Baada ya kufungwa mabao 2 na Scotland, walikutana na Yugoslavia tarehe 18 Juni. Mabao 3 yalipokwisha kuingia mapema, mlinda mlango Kazadi Mwamba alitolewa, mchezo ukiwa haujafika hata nusu saa. Aliyeingia badala yake alikuwa Tubilandu Dimbi, na mara akafungwa naye. Mchezo ukaisha kwa mabao 9 kwa bure. Mlinda mlango mmoja alikuwa amebebeshwa mzigo wa timu nzima mbele ya dunia, na mabao 6 yaliyofuata yalionyesha kwamba mzigo ule haukuwa wake peke yake.

Siku nne baadaye walicheza na Brazili. Wabrazili walipojiandaa kupiga mpira wa adhabu, beki wetu Mwepu Ilunga alitoka mbio kwenye ukuta, akaupiga mpira mbali. Dunia ikacheka. Kwa miaka mingi picha hiyo ilionyeshwa katika televisheni za nchi nyingi kama ushahidi kwamba Waafrika wale hawakujua sheria za mchezo. Mwepu alikuja kueleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alisema kwamba wachezaji hawakuwa wamelipwa haki zao, na kwamba walikuwa wametishwa: wakifungwa mabao mengi na Brazili, wasitegemee kurudi nyumbani salama. Mpira ule aliupiga kwa hasira na kwa uchungu. Walifungwa 3. Wanaume waliokuwa wakicheza huku wakihofia maisha yao waligeuzwa kichekesho na watu waliokaa vitini, ambao hawakuwahi kuuliza swali hata moja.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa hao Wayezuiti tuliowataja, aliweka mwanzoni mwa Mazoezi yake ya Kiroho kanuni ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeichukua katika namba 2478. Maana yake ni kwamba Mkristu mwema awe tayari zaidi kulipokea neno au tendo la jirani kwa maana njema kuliko kulihukumu. Asipoweza, amwulize mwenyewe alikuwa na maana gani. Na kama kweli amekosea, amrekebishe kwa upendo. Namba iliyotangulia, 2477, inatutajia dhambi tatu za ulimi: kumhukumu mtu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kumsingizia. Sauti iliyotumwa katika simu inaweza kuzikusanya zote tatu ndani ya dakika moja: asiyeuona mchezo anahukumu, asiyehusika anapashwa habari, na atakayeituma tena ataongeza lake.

Kanuni ya Inyasi inatulazimisha kuwa waadilifu hata kwa kocha. Naye ana jina lililotembea. Pengine alikuwa amechoka; pengine viongozi wa timu walikuwa wamemtishia kazi yake asubuhi ileile; pengine yeye mwenyewe alilelewa na makocha waliomsema hivyo, akaamini kwamba ndivyo mchezaji anavyokomazwa. Vijana waliomtetea mwanakwaya wetu kwa kumtukana kocha wamemwondolea aibu mmoja na kumvika mwingine. Kama ni sheria ya Mathayo 18, basi inamlinda pia kocha: anayeona kwamba amekosa amwendee, waseme naye peke yao.

Baadhi ya vijana wetu waliamua kuacha mjadala na kufanya tendo. Watatu walivuka mto jioni moja, wakamtembelea mwenzao nyumbani. Hawakwenda kumhubiria. Walikula naye mihogo, wakazungumza juu ya masomo, juu ya bei ya nauli, juu ya wimbo mpya wa Pentekoste ambao sauti ya tatu ilikuwa imeushindwa bila yeye. Mpira haukutajwa hadi yeye mwenyewe alipoutaja. Alieleza kwamba alimwona mtu kando yake kwa pembe ya jicho, na kelele zilikuwa nyingi. Hilo tu. Katika mji mzima hakuna aliyekuwa amemwuliza. Jumapili iliyofuata alikuja kwaya, akasimama safu ya nyuma. Kiwanjani bado hajarudi, na hatujui kama atarudi. Hatulazimishi. Koleo likivunjika, uhunzi haufi, lakini mhunzi ana haki ya kupumzisha mkono.

Vijana wapendwa, wengi wenu siku moja mtakuwa na watu chini yenu: watoto, wanafunzi, wafanyakazi, wanajumuiya. Watakosa. Baadhi ya makosa yatawagharimu ninyi wenyewe heshima mbele ya watu, na siku hiyo mtasikia kishawishi cha kumsogeza mkosaji mbele ili mawe yampate yeye. Jizoezeni mapema. Anayetaka kuwa mkweli siku ya shida kubwa ajizoeze kuwa mkweli kwa mtu mmoja, chumbani, bila mashahidi. Anayetaka kuwa mwenye huruma hadharani aanze kwa kuizuia sauti moja isitoke katika simu yake. Na ninyi mnaokosa, ambao ni sisi sote, msimchukie anayewaambia ukweli usoni na kubaki nanyi. Huyo ni zawadi. Watu wa kutushangilia ni wengi na wa kutucheka ni wengi. Wa kutuonya na kutukumbatia ni wachache, na tunapaswa kuwaombea maisha marefu.

Kwa mazungumzo katika vikundi, tunapendekeza maswali haya:

1. Ni nani aliyewahi kukuonya kwa namna iliyokusaidia? Alikuambia wapi, na alifanya nini baada ya kukuambia?

2. Ni wakati gani kosa la mtu linapaswa kusemwa hadharani ili wengine wasidhurike? Tutofautishe na wakati ambapo tunasema kwa kupenda kusema tu.

3. Juma hili, ni neno gani juu ya mtu fulani limekufikia, na lingeishia kwako kama ungetaka?

4. Je, yuko mwenzetu aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu? Nani kati yetu atavuka mto?

Tuombe. Ee Bwana Yezu, uliyemngoja Petro ufukoni na moto ukiwa umewashwa, utufundishe kusema ukweli bila kutafuta kichwa cha kuubebesha. Utupe ujasiri wa kumwendea ndugu peke yake, na moyo wa kubaki naye. Uwarudishe wote ambao ndimi zetu zimewafukuza. Amina.